Daftari la Jikoni

Shoga, nimekuta begi la binti yangu mlangoni. Wifi yangu kaja kumchukua akaishi kwake!

Nikamuuliza mume wangu, kwa ruhusa ya nani? "Yako, mama watoto. Ulikubali jana. Huo ugonjwa wako wa neva, MS, umekusahaulisha. Soma daftari lako."

Lile la jikoni, ninamoandika kila kitu nisisahau. Nikasoma: "Nimekubali mtoto aende kwa shangazi yake."

Nikaomba msamaha. MIMI, shoga, nikaomba msamaha! Wifi akacheka: "Huyu kesho atasahau hata kama alizaa."

Wakaondoka naye.

Sasa hivi nimelisoma tena. Mwandiko umenyooka kama rula. Mkono wangu unatetemeka tangu mwaka jana, sijaandika mstari ulionyooka hata mmoja.

Njoo na gari. Daftari ninalo.