Nimealika watoto mlimani, na baba anayeendesha lifti haoni

Mpendwa Shangazi Olgica,

Naomba unisaidie, na unisaidie upesi, maana gazeti lako linatoka Alhamisi na sisi tunaondoka Jumamosi, likizo ya shule inaanza, na tangu Krismasi sijapata usingizi wa maana. Mimi ni mwanamke wa makamo, nafanya kazi kaunta ya posta hapa Kragujevac, nina mume na binti mmoja, sina hawara wala mume wangu hana, nakwambia mapema usije ukaanza kutafuta huko. Shida yangu ni lifti.

Kijiji nilikozaliwa nakuomba nisikitaje. Kina mlima, na mlima una mteremko mmoja wa kuteleza kwa skii na lifti moja ya viti vya watu wawili wawili vinavyoning'inia kwenye waya na kuwapandisha watu juu, na ukilitaja jina lake mbele ya watu wa Belgrade wanadhani unazungumzia maji ya chupa. Lifti hiyo inaendeshwa na baba yangu tangu siku ilipojengwa, mimi nikiwa sijaanza shule. Anasimama kibandani pale chini, anamtazama kila anayeketi, na mtu akikaa vibaya anabonyeza kitufe chekundu lifti inasimama. Hiyo ndiyo kazi yake yote, Shangazi, kutazama.

Sasa mwezi wa Novemba rafiki yangu, nimwite Biserka, ambaye tunakaa naye kaunta moja, alikuwa ameshaikatia tamaa Kopaonik, mlima wa wenye pesa, anasema huko watu kama sisi huenda kuwatazama wenzao wakiteleza, na mwanawe Relja wa miaka sita analilia skii usiku na mchana, nami juma lile lile baba alikuwa amenipigia simu kwamba halmashauri imesema watu wasipoongezeka msimu huu lifti itafungwa, basi nikajikuta nasema njooni kwetu, kwetu hakuna foleni, tiketi ni nusu, mtalala kwa ndugu zangu, maharage yanatoka chunguni na mkate ni wa asubuhi ile ile. Biserka akawaambia wengine, nao wakasema wanakuja, na leo ni familia tatu na watoto wao, wote wanakwenda kwa neno langu. Na Relja ni mtoto wangu wa ubatizo, mimi ndiye niliyempakata kanisani mbele ya padri, na wewe unajua uzito wa jambo hilo kwetu.

Krismasi yetu ya Januari tulikwenda nyumbani. Nikamwona baba anamimina pombe ya rakija huku ncha ya kidole ameizamisha ndani ya kikombe ajue imefika wapi. Mume wangu naye, baba alimwita kwa jina la kaka yangu mpaka mume wangu akakohoa, ndipo akacheka akasema ni uzee. Ukurasa wako anaoupenda siku hizi anasomewa na mama jirani, kila Alhamisi alasiri mama huyo akishalisha kuku wake, eti miwani imepotea, na miwani nimeiona mimi mwenyewe juu ya kabati. Nikajiambia ni uzee kweli. Daktari wa zahanati anayempima kila mwaka kabla ya msimu ni baba wa ubatizo wa kaka yangu, humwuliza habari za nyuki wake kisha humpitisha, na kama daktari amempitisha mimi ni nani.

Kesho yake nilimpelekea chai kibandani. Kulikuwa na watu wachache, jua linawaka juu ya theluji, na msichana mmoja akakaa ukingoni mwa kiti, kiti kikamnyanyua akiwa ananing'inia kwa mkono mmoja. Watu wakapiga kelele. Na mimi nilikuwa namtazama baba, Shangazi, nilikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa, nikaona mkono wake unapapasa meza, ukagusa redio, ukagusa kikombe nilichomletea, ndipo ukakipata kitufe. Lifti ikasimama, msichana akaanguka kwenye theluji laini, akainuka anacheka, wote wakacheka, mtu akatoa chupa. Mimi peke yangu niliuona ule mkono.

Tulipokaa kula jioni nikamwuliza kama alimwona yule msichana. Akasema, "Nilimwona tangu anakaa." Nikamwuliza alivaa koti la rangi gani. Alikata mkate, akaupaka malai ya kajmak taratibu, akaula wote, halafu akaniambia, "Niletee hao watu wako, mwanangu. Msimu huu tu. Ukiisha nitapumzika mwenyewe, asinipumzishe mtu." Mama alikufa miaka mingi iliyopita, kile kibanda ndicho alichobaki nacho, na mimi nikaosha vyombo, nikarudi mjini.

Mume wangu anasema niache kiherehere, mzee anaendesha kwa masikio, anasikia kiti kikipakia vibaya, miaka yote hiyo hajafa mtu, na lifti ikifungwa kijiji kizima kitasema imefungwa na binti wa mwendesha lifti. Biserka naye ameshanishuku. Juzi aliniambia mbele ya wateja, "Wewe, kila nikitaja Jumamosi unameza mate. Huko kijijini kwenu kuna nini, mwanaume?" Nikacheka, Shangazi, nikagonga mhuri. Amemnunulia Relja skii kuukuu na viatu vyake, na mtoto analala navyo miguuni, hataki kuvuliwa, na ameniambia yeye ni mkubwa, atakaa kwenye kiti peke yake bila kushikwa.

Nikisema, nitakuwa nimemzika baba akiwa hai. Nisiposema, Shangazi, sentensi hii nashindwa kuimalizia. Anwani na simu siweki kwa sababu barua za mji huu tunazigawa sisi wenyewe na wenzangu wana macho. Nijibu humu gazetini. Nifanye nini?

Binti aliyebanwa, Kragujevac

*

Binti yangu wa posta,

Sentensi yako nitakumalizia mimi. Usiposema, Relja atakaa vibaya kwenye kiti, kama wanavyokaa watoto wote wa miaka sita, na mkono wa baba yako utaanza kupapasa. Redio, kikombe, kitufe. Krismasi theluji ilikuwa laini na kiti kilikuwa bado karibu na ardhi. Kiti hakingoji.

Nimeikalia barua yako tangu ilipofika, na chai yangu imepoa mara mbili. Nakuhurumia sana. Baba yako nampenda bila kumjua, kwa ajili ya kile kidole kwenye kikombe, maana mtu anayejitafutia mbinu ya kumimina bila kumwaga ni mtu anayejiheshimu. Lakini huruma haiwezi kubonyeza kitufe. Mumeo mwambie masikio ya mzee yanasikia mayowe tu, na mayowe huja mtu akiwa ameshaning'inia. Na kama hajafa mtu miaka yote hiyo, ni kwa sababu miaka yote hiyo alikuwa anaona.

Sasa nikugombeze kidogo, maana uliijia hiyo. Novemba hukukosea. Uliwaalika watu kwa moyo mweupe, kwenye mlima wa bei wanayoiweza, na ulitaka kumsaidia baba yako, na hayo yote ni mema. Kosa ni la Krismasi mpaka leo. Kila asubuhi unakaa bega kwa bega na mama wa yule mtoto, anakuuliza mwenyewe huko kuna nini, nawe unagonga mhuri. Na mnavyomlinda mzee wenu nyinyi nyote! Daktari anauliza habari za nyuki, mumeo anasifu masikio, wewe unaosha vyombo. Kuna hata mmoja aliyemwuliza macho yana nini? Huenda ni mtoto wa jicho, ambaye hutolewa na mtu akarudi nyumbani anaona. Huenda ni jambo baya zaidi linalokula macho kidogo kidogo wakati nyinyi mnamstahi. Mimi sijui, na wewe hujui, na hicho ndicho kinachonikasirisha. Heshima gani hiyo ya kumwacha mtu apofuke kwa adabu.

Wengine mnaosoma haya mkitafuta milima isiyojulikana kwa sababu mfuko ni mwembamba, msiogope milima hiyo. Mimi milima naitazama kwenye kalenda, magoti yangu hayataki zaidi, lakini dada zangu wamezunguka ile midogo yote na hawajajuta, huko mpishi anakujua jina siku ya pili. Ila kabla ya kuuliza bei ya tiketi, ulizeni nani anasimama penye lifti na nani anampokea akichoka. Mahali padogo mtu mmoja hubeba mambo mengi, na watu wanaompenda huona haya kumtazama sana.

Turudi kwako, kwa sababu kuna jambo ambalo nadhani umeificha hata nafsi yako mwenyewe. Umeniambia baba yako anasomewa ukurasa huu kila Alhamisi alasiri. Hukuwa na haja ya kuniambia. Hukuweka anwani, hukuweka simu, ukaniomba nikujibu humu humu gazetini. Binti yangu, hukuniandikia mimi. Ulimwandikia yeye, ukataka mimi ndiye niipeleke barua, na jirani maskini ndiye aisome kwa sauti.

Nilitaka kuiweka kando nikutafute kimya kimya, lakini umeziba njia zote, na kuna mtoto anayelala na viatu vya skii. Basi nimeichapisha. Jina la kijiji halimo, lakini baba yako hahitaji jina. Atajijua kwenye kidole.

Gazeti hili unalipata kaunta asubuhi. Jirani halifungui mpaka kuku washibe. Muda ulio nao ni huo, na wala si mdogo. Sasa hivi, kabla ya mteja anayefuata, mgeukie Biserka umpe usome wote. Atafoka, mwache afoke, ana haki. Atakuuliza ulikuwa unangoja nini tangu Januari, na usijitetee. Kisha omba ruhusa, chukua gari, nenda nyumbani.

Mkute baba yako, umkalishe. Usianze na daktari, usianze na halmashauri, usianze na machozi. Mwambie hivi: "Baba, mkono wako ulikitafuta kitufe, na mimi niliuona." Halafu nyamaza, hata akikata mkate wote uliomo nyumbani. Alikuomba kitu kimoja, apumzike mwenyewe, asipumzishwe na mtu. Hilo unaweza kumpa, lakini ni leo tu. Apige simu halmashauri kwa kinywa chake, aseme Jumamosi asimame mwingine kibandani. Akifanya hivyo ameondoka kwa miguu yake. Kesho mchana ukifika hajapiga, piga wewe, na kijiji kiseme kitakachosema. Kijiji hakijampakata Relja kanisani.

Na safari msiifute. Akipatikana mtu wa lifti, vizuri. Asipopatikana, hakuna wa kukaa kwenye kiti chochote. Watoto wapande mteremko wa nyuma ya nyumba kwa miguu yao na skii begani, ndivyo watu wa kwenu walivyojifunza kabla hiyo lifti haijajengwa, na maharage yapo, na mkate upo. Lifti ikifungwa mwakani itakuwa hasara, na mtalia, na mtaishi. Mkirudi mjini baba yako arudi nanyi, akapimwe macho na daktari ambaye hajamsimamia ubatizo mtu yeyote nyumbani kwenu.

Na wewe, mama jirani, ambaye sikujui ila kwa kuku wako. Kama umelifungua gazeti na umefika hapa kwa macho kabla ya kusoma kwa sauti, tazama kwanza jikoni. Kama binti yupo, lifunge ukanywe kahawa kwako, hapo hakuna kazi yako leo. Kama bado hajafika, uruke ukurasa huu, umwambie mzee kwamba Olgica wiki hii hana kitu, kaandika upuuzi wa mapishi. Msomee ukurasa wa soko, bei ya ndama. Soma taratibu, rudia palipo na namba, na sikiliza gari barabarani.