Wifi, Usimchukie Abdulkarim

Ifakara,
Jumatatu, baada ya mavuno.

Wifi yangu Paskalina,

Shikamoo. Pokea salamu za nyumba hii yote, kuanzia kwa mdogo wako Vitus mpaka kwa kuku wa madoa uliyetuachia Krismasi, ambaye sasa ana vifaranga. Goti lako linaendeleaje? Binti yetu Frida alipotoka huko alituambia kwamba unashuka mpaka stesheni bila fimbo, tukamshukuru Mungu. Na mpunga wa Mlimba umekuwaje mwaka huu? Wetu wa Mchombe tumeuvuna wote, na nitakueleza ulivyovunwa, maana nao umo katika habari hii.

Najua utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu zipo. Wifi, simu yako husikika mpaka kwa jirani, na wajukuu ndio wanaokupokelea. Mambo haya nimeona bora uyasome ukiwa peke yako, na uyasome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Tumesikia ulivyoapa mbele ya jumuiya yenu kwamba hutakanyaga tena Ifakara, mji uliomfukuza mdogo wako kama mbwa baada ya kuwalelea timu yao miaka yote ile, na kwamba humtaki hata kwa jina yule Abdulkarim, mwenyekiti wa mashabiki, aliyetangaza kuwa kocha hatakiwi tena. Sikulaumu. Ningekuwa mimi dada yake ningesema makubwa zaidi. Lakini hukusimuliwa yote.

Msimu huu Viboko, timu yetu, walianza vibaya na wakaendelea vibaya. Mshambuliaji wetu alichukuliwa na timu ya Morogoro, kipa akavunjika kidole, na wale vijana waliobaki wakawa wanacheza kama watu wanaotafuta kitu kilichopotea nyasini. Tulifungwa nyumbani, tukafungwa ugenini. Watani wetu wakapata la kusema, kwamba safari hii Viboko wamechapwa viboko. Ikafika mahali tukawa mkiani kabisa, na kushuka daraja si maneno ya vitisho tena.

Hapo ndipo ubishi ulipopamba moto. Abdulkarim ana duka la spea za baiskeli karibu na soko, na mashabiki hukaa kibarazani kwake juu ya matairi. Hakukuwa na mazungumzo mengine pale. Upande wa kumwondoa kocha uliongozwa na Rosemery muuza samaki, ambaye hajakosa mechi hata moja tangu timu ianzishwe. Yeye alisema wachezaji karibu wote ni walewale wa mwaka jana, kwa hiyo kilichobadilika kiko kwenye benchi. Alisema Vitus siku hizi hapigi kelele, anasimama ameshika nguzo kama mtu anayengoja basi, na mabadiliko anayafanya mpira ukiwa umekwisha. Abdulkarim alimjibu kwamba kocha si shati, kusema leo limechafuka unavaa lingine. Aliwakumbusha nani aliwafuata vijana hao majumbani kuwaombea ruhusa kwa baba zao, na nani aliwafundisha hata kufunga kamba za viatu. Wengine wakasema kufunga kamba si kufunga mabao. Basi wakacheka, kisha wakaanza upya.

Mimi nilipita pale karibu kila siku nikienda mashine ya kukoboa. Wakiniona walishusha sauti, isipokuwa Rosemery. Siku moja aliniita akaniambia wazi kwamba mume wangu wanampenda, lakini timu inazama, na yeye hawezi kusema kingine mbele yangu na kingine nyuma yangu. Nilimshukuru kwa hilo, wifi, na sikumshukuru kwa mdomo tu.

Sasa nikuambie lile ambalo hawakulijua, na usishtuke, maana limekwisha kutulia. Katikati ya msimu, Vitus alianguka hapa uani akichota maji. Alipozinduka mdomo ulikuwa mzito na mkono wa kushoto haukamati. Tulimpeleka hospitali, mkono ukarudi jioni ileile. Daktari akasema ni presha, na kwamba imepita karibu sana. Akamwambia aachane na mambo ya uwanjani, la sivyo safari nyingine huenda asiinuke. Vitus alitoka pale akanishika bega, akaniapisha nisimwambie mtu yeyote, hata wewe. Na Jumapili akaenda uwanjani. Ile nguzo aliyokuwa akiishika, wifi, hakuwa amezubaa. Alikuwa anajizuia asianguke.

Nilimsihi aache. Nilimletea padre, akamsihi. Jibu lake lilikuwa lilelile:

"Nikiacha sasa watasema nimewakimbia wakati wa shida. Wakinichoka, waniondoe wao."

Unamjua mdogo wako. Akishasema hivyo, hata wewe uliyembeba mgongoni humgeuzi.

Kamati ya tawi la mashabiki ikakaa kikao, na jioni yake Abdulkarim akaja hapa kwetu peke yake. Alikataa kiti. Alimwambia Vitus kwamba mashabiki wameamua kuuomba uongozi wa timu umpumzishe, na kwamba uamuzi ni wake yeye mwenyekiti. Vitus alimwitikia vizuri, akamsindikiza mpaka barabarani, kisha akarudi akalala bila kula. Timu akapewa Alex, aliyekuwa nahodha wake. Habari zikasambaa mpaka kwako Mlimba kwamba Abdulkarim kamgeuka rafiki yake, na kila aliyempenda Vitus akaacha kununua hata spoku za baiskeli pale dukani.

Baada ya hapo Vitus hakutaka kuonana na watu. Mpunga ulikuwa umeiva Mchombe, ndege wanaumaliza, naye akashika mundu akasema atauvuna mwenyewe. Nilimfuata nikiwa na dawa zake mfukoni na roho mkononi. Tulikuwa hatujamaliza hata kipande cha kwanza tukasikia pawatila, lile trekta dogo la mkono, inakuja, na nyuma yake tela limejaa watu waliovaa jezi za Viboko. Rosemery alikuwa mbele ameshika mundu. Hakusalimia. Alimwambia Vitus akae kibandani, kwa sababu leo timu inapangwa na yeye Rosemery. Waliomtaka abaki walikuwepo, na waliomtaka aondoke walikuwepo, na walivuna huku wakibishana kuhusu bao la mwaka juzi kama lilikuwa la kuotea. Abdulkarim, ambaye maisha yake yote ni ya dukani, alijikata kidole saa ya kwanza, akafungwa kitambaa akaendelea. Mpaka jua linashuka shamba lilikuwa limelala chini. Siku iliyofuata walirudi kuupiga mpunga. Vitus alikaa akiwatazama, na nikaona anajifuta macho akisingizia makapi.

Sasa nafika mahali ambapo mkono wangu unakuwa mzito.

Siku ya kikao kile, kamati ilijifungia ndani ya duka la Abdulkarim. Niliingia bila kualikwa. Wakadhani nimekuja kumtetea mume wangu, na Abdulkarim mwenyewe akanisogezea kiti. Walikuwa wamegawanyika sawasawa, amebaki mwenyekiti kuamua, na hakuna aliyekuwa na shaka kwamba angeamua Vitus abaki. Nilisimama. Nikasema:

"Mimi ni mke wake na nimezaa naye watoto wanne. Nawaomba mumwondoe."

Rosemery, aliyekuwa akitaka hilohilo tangu mwanzo, ndiye aliyeshtuka kuliko wote. Aliniuliza kama tumegombana. Nikasema hatujagombana. Akauliza kwa nini basi. Nikasema nimeapishwa nisiseme. Abdulkarim alinitazama. Yeye alimzika kaka yake kwa maradhi hayohayo, na nadhani aliyasoma usoni mwangu. Akainamisha kichwa, kisha akasema:

"Basi aondoke. Na atakayeulizwa nani kaamua, aseme ni mwenyekiti."

Wote wakakubali, na mpaka leo hakuna aliyetoa neno nje.

Kwa hiyo aliyemwondoa mdogo wako ni mimi, Febronia, uliyenipokea mwenyewe mlangoni siku ya harusi. Abdulkarim alikuwa mtetezi wake mpaka dakika ile, na tangu siku ile amebeba lawama yangu bila kujitetea hata mara moja. Hasira yako ikiwa bado ipo, nielekezee mimi. Yeye anastahili shukrani.

Vitus anajua. Nilimwambia kulekule Mchombe, wale watu walipokwisha kuondoka. Alichota mpunga kwa kiganja akawa anaumwaga taratibu, mpaka nikaogopa. Mwishowe akasema ningemuuliza angenikatalia. Nikamwambia ndiyo maana sikumuuliza. Akaniomba maji na dawa zake, yeye ambaye kila siku nilikuwa nikimfukuza nazo kama mtoto. Tulipofika mjini alipitia dukani kwa Abdulkarim kabla ya kufika nyumbani. Sijui waliongea nini. Alirudi amebeba tairi jipya la baiskeli na akanituma nikuandikie.

Presha imeshuka, wifi. Analala usiku kucha. Nikisikia anakoroma nashukuru, mimi niliyekuwa nikilalamikia mkoromo huo.

Jana ilikuwa mara yake ya kwanza kwenda uwanjani tangu aondolewe. Timu imesalia kwenye daraja kwa sare ya mwisho, kwa hiyo mechi ilikuwa ya kirafiki tu, na alikaa na sisi mashabiki, katikati yangu na Rosemery. Kipindi cha kwanza alitulia. Cha pili tulipofungwa la kwanza akaanza kutikisa mguu. La pili lilipoingia akasema, kwa sauti ya kusikika safu tatu, kwamba kijana huyu Alex anachelewesha mabadiliko na hajui kupanga mabeki. Rosemery hakumgeukia hata kumtazama.

"Wewe kaa kimya," akamwambia. "Mpe kocha muda."

Tulicheka mpaka mwamuzi akatutazama.

Tunakungoja, wifi, uje ule wali mpya. Nisalimie shemeji, wajukuu wote, na wana jumuiya waliokusikia ukiapa. Mungu hakasiriki mtu akitengua kiapo cha namna hiyo. Abaki na ninyi huko, kama alivyokaa na sisi mwaka huu.

Ni mimi wifi yako,
Febronia