Kona za Kushoto

Jumatatu, 3 Julai 1978
Nimepiga pasi ovaroli ya Mutua tena. Nani hupiga pasi ovaroli? Mke wa wiki sita. Wenzake gereji wanamcheka na yeye anaivaa kifua mbele. Nampenda mpaka naona haya kuandika.

Leo amerudi na habari mbaya. Mzee Daudi, mwenye gereji na mwenye gari la mashindano, amemwambia msimu umefika nusu. Mbio tatu, na Kanini, kama tunavyoliita gari hilo, hajamaliza hata moja. Kanini wetu mdogo, mweupe, ambaye Mutua alimfunga injini kwa mikono yake mwenyewe! Mzee anataka ripoti ya maandishi: kasoro iko wapi. Na asipofika mwisho katika mbio za tarehe ishirini na mbili, Kanini atapelekwa Kitui kwa dereva mwingine.

Mutua hakumaliza ugali.

Ripoti nitaandika mimi. Ndimi niliyefika kidato cha nne.

Jumatano, 5 Julai
Nimewahoji jikoni, Mutua na binamu yake Kioko. Kioko ndiye huketi kando yake akimsomea kona kutoka kwenye daftari. Siku nyingine huendesha mashine ya kusaga mahindi, kwa hivyo kupiga kelele ni kazi yake.

Wote wawili wanalaumu gari.

Mbio za kwanza walisoma kona kwa Kiingereza. Mutua akauliza, "Lefti?" Kioko akajibu, "Raiti!" Yaani, ndiyo, umesema kweli. Wakaingia shamba la mbaazi. Nilicheka mpaka chai ikanitoka puani. Tangu hapo wanasoma kwa Kiswahili.

Mbio za pili, rejeta ilipasuka. Hiyo naikubali.

Mbio za tatu, mchanga wa mto. Kona ya kushoto.

"Si nilikwambia kushoto?" Kioko.

"Uliniambia tukiwa tumeshafika mtoni!" Mutua.

Nimeandika yote. Bado sioni kasoro.

Alhamisi, 6 Julai
Ripoti haikusonga. Mutua alikaa nami mlangoni tukabambua mbaazi. Mama mkwe akapita. "Mwanaume anabambua mbaazi! Dunia imeisha." Mutua akavuta sufuria karibu zaidi.

Raha tupu.

Jumamosi, 8 Julai
Nimeipata!

Kioko alikuwa na foleni ya watu wa kusagisha mahindi. Nikamwomba Mutua anipeleke mimi, niketi pale Kioko anapoketi. Barabara ya Matiliku. Kofia ya Kioko inanuka unga. Ndani ya Kanini ni kama kuketi ndani ya mashine ya kusaga, na kokoto zinapiga chini kama mvua ya mawe. Nilikuwa nasoma vizuri kabisa. Ikaja kona ya kushoto, nikafungua mdomo, nikasema "ku…", na Mutua tayari alikuwa amekata usukani kulia.

Tulisimama pua ikiwa ndani ya mkonge.

Mutua ananishika mabega, anauliza kama nimeumia, uso umemwisha damu. Mimi nacheka. Alidhani nimerukwa na akili. Lakini nilikuwa nimesikia. Kulia. Kushoto. Yote yanaanza na ku! Injini inameza kilichobaki. Mume wangu anabahatisha, au anangoja mpaka anachelewa.

Kasoro si gari. Kasoro si dereva. Ni ku.

Jumatatu, 10 Julai
Kulia kubaki kulia. Kushoto kutafutiwe jina lingine. Tulijaribu majina mengi, hata ya mbuzi. Halafu Mutua akasema mimi ndiye huketi kushoto kwake, mezani na kanisani. Basi kushoto ni Mwende.

Jina langu. Niliangalia sakafu kama msichana wa shule.

Kioko aliruka. "Nimwite mke wa mtu kutoka hapa mpaka Mtito Andei? Watu watasema nini?"

Mimi nikaona hatari nyingine. Mwende ni kama kuambiwa nendeni. Dereva akisikia hivyo si ataongeza mwendo?

Mutua hakucheka. "Mimi nikisikia Mwende, hupunguza."

Hilo sikuliandika kwenye ripoti. Ni langu.

Mzee Daudi ameisoma ripoti, akavua miwani, akavaa, akavua tena. "Tutaona tarehe ishirini na mbili." Basi.

Jumamosi, 22 Julai
Mtito Andei. Nilisimama penye utepe wa mwisho tangu asubuhi, karibu na kituo cha petroli. Sikula.

Magari yakaja. Moja, jingine, jingine. Halafu hakuna. Mzee Daudi akaangalia saa. Niliogopa. Nilimwona Kanini akienda Kitui na Mutua wangu akibaki na spana mkononi.

Halafu nikasikia. Si gari. Kioko! Kona ya mwisho ni ya kushoto, na sauti ilitangulia vumbi: "MWENDEEE!"

Madereva wa malori waligeuka. "Huyo Mwende ni nani?"

Nikainua mkono kama darasani. "Ni mimi!"

Wa kumi. Wa mwisho kati ya waliofika. Lakini wamefika! Nilimkumbatia Mutua mbele ya wazee wa kanisa waliokuja kutazama, gauni likawa jekundu kwa vumbi. Kioko sauti imekwisha, ananong'ona: "Shemeji, nimekuita tangu asubuhi na hujaitika hata mara moja."

Mzee Daudi alimpapasa Kanini pua. "Abaki kwetu mjini Wote." Kisha akamgeukia Kioko. "Na wewe, hilo jina usilizoee."

Jumapili, 23 Julai
Kanisani Kioko hakuweza kuimba. Alifungua mdomo tu.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na Mutua. Baridi kidogo. Njia yetu inapinda kushoto penye michungwa.

"Mwende," akasema, polepole.

"Naam?"

"Hapana. Ni kona."

Alikuwa amepunguza mwendo.