Bibi wa Kipa Ugenini

Jumamosi, tarehe 5 Julai

Mwanangu,

Hujambo wewe na huyo mchanga? Kitovu kimeshakauka? Usikipake kitu, sikia, kiache kikauke chenyewe. Mume wako akirudi na lori lake mwambie namsalimu, na aitengeneze ile bawaba ya mlango wa jikoni, nimeuacha ukilia kama mbuzi. Sisi tumefika huku kwenye mashindano ya mpira. Mimi mzima isipokuwa magoti, na mwanao Chiriku mzima kunishinda.

Naandika kwa mkono wangu kama unavyoona, maana hiyo simu vidole vyangu vinabonyeza herufi tatu kwa mpigo. Mkalimani wa timu, yule kijana anayewasemea hawa watoto viziwi, ataipiga picha barua hii akutumie. Kama ataisoma, na asome. Sina siri na mtu.

Ndege niliiogopa, nisikudanganye. Ilipoinuka nilimshika mkono mzee wa watu aliyekaa kando yangu, simjui hanijui, nikamkamua mpaka akaguna. Nilipofumbua macho, mama wee! Pamba. Nimeshona magodoro tangu wewe hujazaliwa, nikadhani pamba naijua. Pamba iliyomwagwa mpaka macho yanapoishia, nyeupe, haina mbegu wala taka. Nikasema kwa sauti, "Nani ataichambua yote hii?" Yule mzee akacheka, na hakuelewa hata neno.

Tuliposhuka, askari wa pasipoti akaniuliza kitu. Nikamjibu. Akauliza tena kwa sauti kubwa, na mimi nikajibu kwa sauti kubwa. Akapaza, nikapaza. Watu nyuma yetu foleni nzima. Chiriku akanipita kwapani. Akanionyesha mimi, akapinda mgongo na kuburuta mguu, eti huyu ni bibi. Akajionyesha yeye, akaruka akadaka mpira usiokuwepo. Akalaza shavu kwenye kiganja, akahesabu siku kwa vidole. Askari akagonga muhuri huku anatabasamu. Mimi na ulimi wangu huu mnaousema mji mzima, nikavushwa na mtoto asiyesema! Nilimkazia macho kwa ule mguu wa kuburuta. Siburuti mguu.

Tumelazwa katika bweni la chuo. Chumba kisafi, godoro la hovyo, limejazwa sijui nini, ukilala linakurudisha juu. Jioni taa ikaanza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima. Nikasema kumbe hata huku umeme ni ule ule wetu, nikakaa zangu kitandani nikisubiri watengeneze. Kumbe ndiyo kengele ya mlango! Viziwi kengele yao ni taa. Mkalimani alisimama nje anabonyeza mpaka kidole kikamwuma, chakula kikapoa.

Sasa. Ile habari ya shule ya bweni ya viziwi uliyonibandika uwanja wa ndege, nikiwa na mzigo kichwani ili nisipate nafasi ya kubisha. Jibu ni hapana. Mtoto huyu akinyanyua mikono barabarani, watu wanageuka. Wewe unashinda kazini, huyaoni hayo macho. Mimi nayaona, na ndiyo maana namwambia mikono chini. Hiyo timu yake ya Jumamosi imemfundisha mikono ya kutosha. Huko bweni watakuwa mikono asubuhi mpaka jioni, na nani atasimama kati yake na macho ya watu? Akae na mimi, asome midomo. Usinitajie tena.

Mama yako


Jumatatu, tarehe 7 Julai

Mama, shikamoo.

Natumaini magoti yamepoa na mtoto anakula. Mchanga hajambo, kitovu kimedondoka jana, sikupaka kitu. Baba yao bado yuko safarini. Mlango unalia.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mwenye hasira asishike sindano. Sasa imepungua kidogo.

Mama, mkuu wa shule amepiga. Nafasi imebaki moja, na Ijumaa saa kumi wanampa mtoto mwingine. Nikikataa mwaka huu, mwakani Chiriku umri umepita. Wewe ndiye uliyemlea tangu ile homa ilipochukua masikio yake, nami sitamtoa mikononi mwako kwa nguvu. Ndiyo maana nakuuliza, wala siamui peke yangu.

Leo nikinyonyesha nimejiuliza kitu kikanikosesha raha. Nimejiuliza, mwanangu wa miaka kumi na mitatu anaogopa nini? Anamchukia nani? Sijui, mama. Ninajua anapenda kona ya mkate na hapendi soksi. Wewe unajua zaidi?

Mwanao


Jumanne, tarehe 8 Julai

Mwanangu,

Salamu nimezipata, na hasira yako nimeiona, imekaa kati ya mistari imevaa viatu. Hujambo na mchanga? Mimi sijambo, ila leo mwili mzito. Maziwa yakipungua kunywa uji, usinywe chai tupu.

Leo tumecheza. Tumefungwa manne. Kipa ni wetu, kwa hiyo yote manne yamepita kwetu.

Lakini ngoja nianze na uwanja. Majani yake mafupi, sawasawa kama kitambaa cha foronya, nikainama nikayashika kuona kama ni kweli. Ni kweli. Mwamuzi anakimbia na kibendera, maana filimbi ampulizie nani? Akikinyanyua tu, watoto wote wanasimama papo hapo kama maji yaliyoganda. Na ukimya, mwanangu! Nimezoea mpira wa kelele na matusi. Hapa unasikia miguu. Unasikia mpira unavyoguna ukipigwa. Unasikia pumzi. Watu wamejaa majukwaani, wote wanaongea kwa mikono, wanabishana, wanamlaani mwamuzi, na mimi namsikia njiwa juu ya paa. Nilikaa kama niko mahali pa ibada, mimi niliyekuja na kibuyu changu cha matusi kimejaa.

Bao la nne lilipoingia Chiriku hakuinuka upesi. Mchezo ulipokwisha nikamkuta kwenye ujia wa vyumba vya kubadilishia nguo, kakaa sakafuni na glavu zake, analia bila kujizuia. Nikafungua mdomo nimsomeshe midomo, "Usilie, mpira ndivyo ulivyo." Akafumba macho. Ulishawahi kufumbiwa macho na kiziwi? Ni mlango umefungwa na komeo limepigwa. Sema usiseme, uko nje.

Mimi kwa mkono nina maneno manne: njoo, kula, lala, acha. Nikasimama pale natafuta humo la kumwambia mtoto aliyefungwa manne. Nikamwambia "kula." Nikampa ndizi. Aliishika tu.

Halafu akaja kipa wa timu iliyotufunga. Jitu la msichana, refu kama ngazi, linatoka nchi ambayo hata mkalimani anaitafuta kwenye ramani. Likakaa sakafuni, likamgonga Chiriku gotini. Macho yakafunguka. Wakaanza. Polepole kwanza, kama watu wanaopimana, hiki hujui, haya tuseme hivi. Nikamwuliza mkalimani, "Hivi hawa wanaelewana? Si nchi mbali mbali?" Akasema, "Kila nchi ina alama zake, bibi, lakini viziwi wakikaa pamoja siku mbili wanapata njia." Huyo mrefu akaonyesha mguu wa kushoto, akaonyesha kona ya goli, akatikisa kichwa. Chiriku akabisha. Akabisha, nakwambia! Akasimama, akarudia bao la tatu lote, nani alipita wapi, nani alimziba. Machozi bado yako shavuni na anabisha.

Nilibaki nimeshika chupa ya maji. Watu wanapita wananikwepa kama kabati lililosahaulika kwenye ujia.

Naacha hapa.

Mama yako


Jumatano, tarehe 9 Julai

Mama, shikamoo.

Sisi wazima, maziwa yapo, uji nakunywa. Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Shule hukuitaja.

Wewe una maneno manne. Mimi nimeyahesabu yangu, ninayo matano. La tano ni "ngoja." Kila nikitoka kazini, ngoja. Kila nikiwa na mgeni, ngoja. Hilo ndilo ninalolijua vizuri kuliko yote.

Kesho kutwa ni Ijumaa, mama.

Mwanao


Alhamisi, tarehe 10 Julai

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako kwenye simu ya mkalimani, herufi amezivimbisha mpaka nikaona neno moja moja. Hilo "ngoja" lilijaza kioo kizima. Hujambo? Mbusu mchanga kisigino.

Leo tumeshinda moja bila, lakini siyo hilo lililonikalisha niandike.

Baada ya mchezo tulikula kwenye bwalo kubwa, timu zote na wazazi na ndugu zao. Watoto tele, mamia, na vyakula vinapoa, maana huwezi kushika uma na kuongea kwa mikono. Mara nikaona meza ya kati imezungukwa. Waliokaa nyuma wakapanda viti. Nikajipenyeza, si unanijua. Katikati alikuwa wetu. Amesimama juu ya benchi, anasimulia.

Mwanangu, sijui nikuelezeje. Mtoto yule anayekaa jikoni kwangu kama mtungi, uso wote ulikuwa unachemka. Anakuwa mtu huyu, anageuka anakuwa mwingine, anakuwa mpaka paka anayepita. Na wale watoto wanacheka! Wanapiga meza kwa ngumi, sahani zinaruka. Msichana mmoja alijilaza sakafuni ameshika tumbo. Nchi ngapi pale, na wote wameshikwa na yeye, akisimama wanasubiri, akiendelea wanaanguka. Mtoto wako ni mcheshi. Ulijua? Ameishi kwangu tangu akiwa na miaka minne na sikujua.

Nikamwuliza mkalimani, "Anasema nini?" Akajikuna kichwa.

"Bibi, nikikuambia utanipiga."

"Na usiponiambia nitakupiga."

"Anakuigiza wewe, unavyotunga uzi kwenye sindano ya magodoro."

Nikaangalia upya. Ni kweli! Nilikuwa mimi. Nakosa tundu, naitukana sindano. Nakosa tena, naitukana taa. Nakosa, naitukana serikali, namtukana jirani anayepita na ndoo yake, hana hili wala lile. Uzi ukiingia, nanyoosha shingo kama malkia, halafu nagundua sikuupiga fundo, umechomoka. Kila kitu, mpaka ninavyoulamba. Mtoto ambaye siku zote namwona anatazama chini, kumbe hakuna hata unywele wangu uliompita.

"Na hiki anachofanya kila mara ni nini?" Alikuwa anaweka ngumi moja kiunoni na kuinua kidevu.

"Hilo ni jina lako, bibi. Viziwi humpa mtu jina la mikono. Amekupa zamani, tangu timu ilipoanza."

Miaka yote nina jina, wala sikuwahi kuitika.

Nilikuwa nimeshaweka ngumi kiunoni nimkemee. Watoto wakaniona. Wakanyoosheana vidole, ni yeye, ni yeye mwenyewe! Halafu bwalo zima wakainua mikono juu wakawa wanaitikisa, mamia ya viganja vinameta kama majani yakipigwa na upepo, na hakuna hata sauti. Nikasema basi, wananifukuza. Mkalimani akaniambia, "Wanakupigia makofi." Mimi, mwanangu. Mshona magodoro. Niligeuka kuangalia kama kuna mtu nyuma yangu.

Nimetafuta yale macho ya barabarani humo ndani. Nilikuja na hamu ya kupigana nayo. Hayakuwepo. Kama kuna aliyekuwa kilema mle ndani, alikuwa mimi.

Sijasema kitu. Sijaamua. Usinisukume.

Mama yako


Ijumaa, tarehe 11 Julai, mchana

Mwanangu,

Salamu fupi, maana nina haraka na mkalimani amesimama hapa na simu yake mkononi.

Asubuhi nilimwomba anifundishe neno moja. Akaniuliza, "Lipi, bibi, 'nakupenda'?" Nikamwambia hilo analijua, si nampikia. Nataka "niambie." Akanionyesha. Vidole vyangu hivi vimekauka kwa sindano, cha shahada hakikunjiki na kile kidogo hakinyooki. Nilifanya mazoezi chooni ili mtu asinione.

Nikamkuta Chiriku kwenye benchi nje ya uwanja, anafunga kamba za viatu. Nikakaa. Nikamfanyia. Alinitazama mikono, halafu uso, halafu mikono. Nikafanya tena, nikakosea tena, najua, maana alizuia kucheka. Akakishika kiganja changu, akavipanga vidole kimoja kimoja kama mtu anayemvisha mtoto viatu. Akasogea nyuma kidogo nimwone vizuri.

Akaanza kuniambia.

Sikuelewa hata kimoja. Nakuapia. Mikono inakwenda, uso unabadilika, mara amenuna, mara macho yanawaka, akakutaja wewe, hilo nililiona, ana jina lako pia lakini sitakuambia lilivyo, muulize mwenyewe. Mkalimani akapita akataka kunitafsiria. Nikamwambia, "Kaa kimya, baba." Mtoto alikuwa na mengi, mwanangu. Mengi! Kila nikidhani amefika mwisho anakumbuka lingine. Tangu ile homa alikuwa ameyabeba, na mimi namwambia mikono chini. Nilikaa pale nikiyatazama yanavyotoka, kama ninavyotazama mvua. Kocha alimwita kwa kupunga, akamjibu "ngoja," hilo nililitambua, akaendelea.

Alipomaliza aliniinamia begani, mzito, ameloa jasho. Najua nikimpeleka bweni kitanda cha pili chumbani kwangu kitakuwa wazi. Nimekwisha kuwaza hilo, usinifariji.

Mpigie huyo mkuu wa shule sasa hivi, kabla ya saa kumi. Mwambie anakuja. Mwambie pia ana bibi yake, na kama wana darasa la wazee wenye vichwa vigumu wamwekee kiti mbele, macho yangu hayaoni mbali. Usinijibu kwanza. Piga.

Na Jumapili ukija kutupokea, mwachie mtu mchanga, uje na mikono mitupu. Usiniulize mimi safari ilikuwaje. Muulize yeye, halafu ukae chini.

Mama yako