Mistari Kumi na Moja ya Kaka

Chumba Na. 6, ghorofa ya tatu
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa wifi yangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Hujambo? Na mwanetu je, kile kikohozi kimemwachia? Mama goti linamsumbua, ila ngazi anapanda mwenyewe na hataki kushikwa mkono. Mimi mzima. Nakula, nalala, naenda kazini.

Kazi yenyewe imebadilika. Unakumbuka mimi na marehemu kaka tulivyokaa meza moja tukiandika programu mstari kwa mstari, tukigombania kiti chenye magurudumu. Siku hizi kuna mashine inayoandika yenyewe. Naieleza ninachotaka, nasoma ilichoandika, nabonyeza "kubali". Kiti ni changu peke yangu.

Jumanne meneja aliniambia niipe mashine ile programu ya kliniki ya watoto, aliyoiandika kaka, iisafishe, iondoe yasiyo na kazi. Ilimaliza kabla chai yangu haijapoa. Katikati palikuwa na mistari kumi na moja, na juu yake kaka aliandika: "Dada, usiguse hapa kabla hujaniuliza." Mashine ikasema mistari hiyo haina kazi. Nikabonyeza "kubali", nikaenda kula. Nilingoja nisikie uchungu. Sikusikia kitu.

Alhamisi muuguzi wa kliniki akapiga simu.

"Dada, nina mama hapa kabeba watoto wawili, kompyuta inasema anaye mmoja."

"Mapacha?"

"Mapacha. Wa pili hayumo kabisa. Mama wa watu anadhani tumemfuta mwanawe."

Ndipo nikaelewa. Mama mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa: bila mistari ile, programu iliwaona kama mtoto mmoja aliyeandikwa mara mbili. Nikairudisha mistari yote kumi na moja. Wakarudi watoto kumi na tisa waliokuwa wamepotea. Meneja akanisifu kwa wepesi wangu, nami nikaitikia tu.

Lile onyo sikulirudisha, maana hakuna tena wa kuulizwa. Niliandika: "Hapa ni kwa ajili ya mapacha," kisha jina la kaka. Hata chozi halikunitoka, wifi, na hilo ndilo linalonitisha.

Nisalimie mama yako na yule jirani yenu fundi cherehani. Mama anakusalimu sana. Mungu awafunike wewe na mtoto. Siku akikuuliza baba yake alifanya kazi gani, mwambie alihakikisha hakuna mtoto anayesahauliwa.

Ni mimi nikupendaye, wifi yako,
Shangazi wa mwanao