Pini Ishirini na Mbili

Kaka,

Mama hajambo, mguu umepungua uvimbe. Unauliza mkeo yuko wapi.

Ulipomchana mgongo kwa chupa, nilimshona kwa uzi. Ukaukata mwenyewe nyumbani kwa wembe, ili asirudi hospitali kutoboa siri. Safari hii ulimpasua paja kwa panga, nami nikachagua kulibana jeraha kwa pini za chuma, maana kifaa cha kuzitoa tunacho sisi wa hospitali tu. Ukajaribu koleo, nyama uliyoing'oa nimeiona. Uliposhindwa kutoa hata moja ukamleta mwenyewe, ukakaa kwenye benchi kumlinda.

Nilizitoa zote ishirini na mbili, kisha nikamtoa wifi yangu kwa mlango wa nyuma. Anakokwenda sikumuuliza, ili hata ukinipiga nisiwe na la kukwambia.

Ni mimi dadako, niliyemshona mara ya kwanza nikanyamaza.