Mgeni wa Darasa la Tatu

Alhamisi, Kimuli

Eti nawadekeza! Mwalimu Mkuu kasema hivyo mbele ya darasa zima, fimbo mkononi.

Huku kwetu mgeni hupewa kiti, kisha huletewa kahawa kavu ya kutafuna. Basi kila Alhamisi mtoto aliyefanya jema namfanya mgeni: anakaa kwenye kiti changu, wenzake wanamletea kibakuli. Leo alikuwa Editha, yule mkorofi wa foleni ya uji. Wiki hii yote amekuwa akiwatanguliza wadogo, wala hakutumwa na mtu.

"Huyu si ndiye niliyemchapa wiki iliyopita?" Mkuu akauliza. "Leo kawa mgeni?"

Kabla sijajibu, Editha alishuka kwenye kiti, akapiga magoti kama wafanyavyo nyumbani, akamnyooshea kibakuli kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mwalimu. Karibu kahawa."

Kahawa ya mgeni haikataliwi hapa. Aliibana fimbo kwapani, akachukua punje mbili, akatafuna. Darasa zima wanamtazama taya.

Baadaye ofisini akanikabidhi fimbo ileile. Kuanzia kesho niitumie, la sivyo atanishtaki wilayani. Naogopa kuhamishwa, sitajidanganya. Mama na miguu yake ile nitamwacha na nani...

Lakini ashtaki tu. Fimbo nimeichomeka shambani nyuma ya nyumba, maharage yangu yalikuwa yanatafuta mti wa kutambalia. Akiiulizia, nitampeleka akaione ikifanya kazi.